Kutu Haiogopi Mbio: Gari la Spoti Mbele ya Mkaguzi wa Uingereza

Uingereza, mtu yeyote mwenye namba ya usajili ya gari, hata kama gari si lake, anaweza kufungua tovuti ya serikali na kusoma bila kulipa hata senti: lilikaguliwa lini, lilifaulu au lilifeli, lilifeli kwa kasoro gani, na siku hiyo lilikuwa limetembea maili ngapi. Kumbukumbu zinarudi nyuma hadi mwaka 2005, matokeo ya ukaguzi yalipoanza kuingizwa kwenye kompyuta. Jirani anaweza kumchungulia jirani, mkwe akamchungulia mkwe. Kwa mpenzi wa magari, usiku mzima unaweza kuishia humo, hasa akianza na magari ya spoti.

Vijiweni, maswali juu ya magari haya ni yale yale: linakula mafuta kiasi gani, linakimbia vipi, spea zake zinapatikana wapi. Ni wachache wanaouliza kama gari la namna hiyo, likishafika miaka 15 au 20, bado linapita kwenye ukaguzi wa mwaka bila kurudishwa. Wanaojibu bila kuulizwa huwa makundi mawili. Kuna wanaosema gari lililoundwa kukimbizwa haliwezi kuwa na uzee mzuri. Na kuna wanaosema kitu cha bei ile lazima kiwe imara. Ukizisoma rekodi za Uingereza utaona makundi yote mawili yamekosea. Gari la spoti hufaulu mara nyingi kuliko wanavyotarajia wale wa kwanza, ila sifa kubwa ya kufaulu huko ni ya mwenye gari. Na likifeli, aghalabu halikuponzwa na mbio. Limeponzwa na kukaa.

Ukaguzi wenyewe huitwa MOT, herufi za Wizara ya Uchukuzi ya enzi zile. Ulianzishwa mwaka 1960, waziri akiwa Ernest Marples, na mwanzoni uligusa breki, taa na usukani tu, tena kwa magari yaliyotimiza miaka 10. Magari yaliyofeli yalikuwa mengi mno hata mwaka uliofuata umri ukashushwa hadi miaka 7, na kufika 1967 ikawa miaka 3. England, Scotland na Wales bado zinafuata umri huo. Serikali iliwahi kulipima wazo la kuupandisha hadi miaka 4, ikaliweka kando Januari 2024. Kwa hiyo gari likitimiza miaka 3 linapelekwa kwa mkaguzi, na baada ya hapo kila mwaka. Ada ya juu kabisa kwa gari dogo ni pauni 54.85, kiwango kilichowekwa mwaka 2010. Ukikamatwa unaendesha bila cheti, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Kabla ya kuuliza gari gani linafaulu, inafaa kujua mkaguzi anatazama nini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Mkaguzi hafungui nati hata moja. Analipandisha gari kwenye lifti, anapita chini yake na kurunzi, anatikisa magurudumu, anabana bushi kwa mtaimbo mdogo, anaiweka kila ekseli kwenye rola za kupimia breki, anachomeka kipimo cha moshi kwenye ekzosi, anakagua taa, honi, wipa, mikanda na tairi. Hali ya injini haimhusu. Klachi na giaboksi pia havimo. Ndiyo kusema gari la spoti linaloweza kuzima moyo wa mwenyewe kwa bili ya giaboksi, linalokataa gia ya pili asubuhi na kugonga injini jioni, linaweza kutoka pale na cheti safi. Gari la jirani yake lililofanyiwa sevisi juzi kwa fedha nyingi linafeli kwa sababu taa ya kibao cha namba imeungua. Mpangilio huu naupenda na unanikera kwa pamoja. Sheria inataka kujua kama gari litamdhuru mtu barabarani. Hasara ya mfuko wako haiihusu. Lakini hapo hapo unaona kwamba ile sehemu ya gari la spoti ambayo watu huiogopa zaidi, yaani injini yenye nguvu na uchovu wake, haimo kabisa kwenye matokeo.

Ili tusibaki na maneno ya jumla, tuchukue gari moja: Mazda MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, likiwa na viti viwili, paa la turubai, injini mbele na nguvu ikienda magurudumu ya nyuma, kwa kufuata nyayo za vigari vyepesi vya Kiingereza vya miaka ya 1960 kama Lotus Elan. Linaundwa Hiroshima. Aprili 2016 lilitoka kiwandani la milioni moja, na muda mrefu kabla ya hapo lilishaingia kwenye kitabu cha Guinness kama gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani. Uingereza lilifika mwaka 1990 na likapendwa kupita kiasi. Ndiyo maana linafaa kwa mfano. Lipo la mstaafu anayelifuta vumbi kwa kitambaa laini kila Jumapili, na lipo la mwanafunzi aliyelinunua kwa bei ya pikipiki na hana fedha ya tairi. Kiwanda ni kile kile na chuma ni kile kile, lakini kwa mkaguzi hayatoki na matokeo yanayofanana.

Injini ya MX-5 ni ngumu kuua. Ikipewa oili na maji, inakwenda. Adui yake yuko chini ya mlango.

Kati ya tairi la mbele na la nyuma, chini ya mlango, kuna boksi refu la bati lililofungwa pande zote, tuliite kizingiti. Katika gari lenye paa la chuma, kizingiti husaidiwa na nguzo za milango na paa kubeba uzito. Gari lisilo na paa ni sanduku lisilo na mfuniko: ukilishika kona mbili linapinda, isipokuwa sakafu na pembeni ziwe na nguvu ya ziada. Kwa hiyo kwenye MX-5 vizingiti vinafanya kazi ya vitu viwili. Sasa fuatilia maji ya mvua. Yanayotiririka kwenye turubai huingia kwenye mkondo nyuma ya viti, yanashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini karibu na magurudumu ya nyuma. Gari likiegeshwa chini ya mti msimu wa majani kupukutika, majani yanaoza kwenye mirija na kuiziba. Maji hayakosi njia. Yanaingia ndani ya kizingiti na kukaa humo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu inashambulia kutoka nje, maji yanashambulia kutoka ndani, na katikati kuna bati lisilofika unene wa sarafu. Kwa nje utaona rangi imevimba kidogo mbele ya tairi la nyuma. Ukiona vile, ndani kumeshaliwa.

Toleo la pili, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, lina ugonjwa wake wa ziada: mihimili miwili ya mbele ya chesisi, ambayo ina bati juu ya bati, na maji na tope la chumvi hunasa katikati. Mafundi wa Uingereza wanaoyajua magari haya hutazama huko kwanza kabla hata ya kuuliza bei. Mhimili uliooza hapo si wa kufunikwa kwa rangi. Unakatwa, unachomelewa upya, na gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gari.

Sheria ya kutu ni kali na ina hesabu yake. Kutu kwenye ukingo wa mlango au boneti haimfanyi mtu afeli, labda iwe na ncha kali ya kumkata mpita njia. Lakini kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda wa usalama au sehemu ya springi na shokapu ilipofungwa inamfelisha moja kwa moja. Na kwenye gari fupi kama MX-5, ukipima sentimita 30 kutoka kila nukta ya namna hiyo, hapabaki mahali pengi pa kujificha. Kiraka lazima kichomelewe kwa mstari usiokatika. Puti na faiba havikubaliki. Mkaguzi anaruhusiwa kubonyeza na kugonga kidogo kwa kifaa maalumu, haruhusiwi kuchokonoa mpaka atoboe, na hapo wajanja hupata upenyo: lami nyeusi nzito inayopakwa chini ya gari wiki moja kabla ya kuuza huficha mengi. Chini ya gari kukiwa kweusi na kupya kupita kiasi, mimi ningekaa mbali.

Tofauti ya matokeo inaonekana vizuri zaidi kwenye maangalizo. Mkaguzi akikuta kitu kinachoelekea kubaya lakini bado hakijafika, anakiandika kama angalizo na gari linafaulu. Tangu Mei 2018 kasoro zenyewe zinapangwa kwa madaraja: ndogo, kubwa na ya hatari, kubwa na ya hatari zinafelisha, na gari lenye ya hatari haliruhusiwi kuingia barabarani mpaka litengenezwe. Gari la mstaafu litakuwa na angalizo la kutu ndogo mwaka mmoja, na mwaka unaofuata angalizo limetoweka kwa sababu aliliona, akapeleka gari kwa fundi. Gari la mwanafunzi litakuwa na angalizo lile lile miaka mitatu mfululizo, likibadilisha maneno polepole kutoka "kutu ya juu juu" hadi "chuma kimedhoofika", kisha mwaka wa nne limefeli. Ukitaka kumjua mtu, soma maangalizo yake.

Baada ya kutu, kinachofuata ni breki, na hapa ndipo kukaa kunapogharimu. Handibreki ya MX-5 za zamani inafanya kazi kwa kifaa kidogo ndani ya kalipa za nyuma. Gari likilala gereji kuanzia Oktoba hadi Aprili, na wengi hufanya hivyo ili kulikwepesha chumvi, kifaa hicho hushika kutu na kugoma. Majira ya joto mwenye gari analitoa, linang'aa, linanukia nta, analipeleka kwa mkaguzi, na kwenye rola gurudumu moja la nyuma linashika na jingine halishiki. Handibreki inatakiwa kufikisha nguvu ya asilimia 16 ya uzito wa gari, kiwango ambacho si kikubwa hata kidogo. Gari linalotembea kila siku kwenda kazini huku likinyeshewa huwa halina shida hiyo, kwa sababu kalipa zake hazipati nafasi ya kulala.

Tairi nazo zina kisa. Kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu za katikati, mzunguko mzima. Gari la spoti la kizee huwa na tairi zenye kashata nyingi, kwa sababu halitembei, lakini mpira umepasuka pembeni kwa umri na jua. La kijana ni kinyume chake. Ameshusha springi ili gari likae chini, hakurekebisha mpangilio wa magurudumu, na sasa tairi zinaliwa upande wa ndani ambao hauonekani ukiwa umesimama. Kwa nje zinavutia. Kwenye lifti mkaguzi anaona nyuzi za waya.

Mapambo mengine ya vijana yana mwisho kama huo. Anayetoa masega ya ekzosi, ile sehemu inayosafisha moshi, ili gari lipige kelele zaidi, anafeli kwa kuwa yalikuwepo kiwandani na sasa hayapo, hata kabla ya kipimo cha moshi kuwashwa. Anayepachika balbu za mwanga mkali kwenye taa zisizotengenezwa kwa ajili yake, anafeli. Na hata mwenye gari lisiloguswa anaweza kufeli moshi kwa sababu ya ajabu kidogo: masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Gari lililotoka mtaa wa pili, likasubiri foleni nusu saa, litatoa hewa chafu kuliko lilivyo. Ndiyo maana mafundi humwambia mwenye gari alikimbize kwanza barabara kuu dakika 20, alifikishe kwa mkaguzi likiwa bado moto. Ni ushauri wa kweli, si uchawi.

Kuna MX-5 nyingine Uingereza ambazo hazikununuliwa zikiwa mpya huko. Zilitoka Japani zikiwa zimetumika, zikiitwa Eunos Roadster, kwa sababu nchi zote mbili zinaendesha upande wa kushoto. Nyingi zilifika na chuma kisafi kuliko zile zilizokulia Uingereza, kwani sehemu kubwa ya Japani haimwagi chumvi kama Waingereza. Lakini hazikuwa na taa ya nyuma ya ukungu ambayo sheria ya Uingereza inaidai, ikabidi ifungwe huko huko. Mafundi wengi waliifunga kwa waya wa bei rahisi chini ya bampa, mahali pa kwanza panapopigwa na maji. Miaka 20 baadaye gari lenye mwili safi linafeli kwa taa ya pauni chache.

Sasa tarakimu. Kwa ujumla, magari madogo kama matatu katika kila kumi hufeli mara ya kwanza yanapofikishwa MOT, na taa, springi na shokapu, breki na tairi ndizo zinazoongoza kwa kufelisha. Lakini neno "kufeli" lina mlango wa nyuma. Kasoro iliyofelisha ikitengenezwa pale pale kituoni ndani ya saa moja, gari linaondoka na cheti. Takwimu moja italihesabu kama lililofeli mwanzoni, nyingine italihesabu kama lililofaulu. Anayetangaza gari lake linalouzwa huchagua anayoipenda. Kingine ni wafu. Gari la spoti lililooza kabisa halirudi kwa mkaguzi. Linakatwa vipuri au linalala uani likiwa limetangazwa rasmi kwamba haliko barabarani. Yanayobaki kwenye hesabu ni yale yaliyopata mtu wa kuyapenda. Kwa hiyo aina fulani ya gari inaweza kuonekana inapata nafuu kadiri inavyozeeka, kumbe wagonjwa wameshazikwa.

Ujerumani wameliona hili kwa upande mwingine. Huko ukaguzi ni kila miaka miwili, baada ya ule wa kwanza wa miaka mitatu, na mashirika ya TÜV hutoa ripoti kila mwaka inayopanga magari kwa kasoro. Porsche 911 imeshika nafasi za juu kabisa mara nyingi, ikiyapita magari ya familia yaliyoundwa kuwa imara tu na si kitu kingine. Je, Porsche ni gari zuri? Bila shaka. Lakini 911 nyingi hutembea kilomita chache kwa mwaka, hulala ndani, hupelekwa sevisi kwa tarehe, na mwenyewe hana sababu ya kuahirisha pedi za breki mpaka mwisho wa mwezi. Mpe gari hilo hilo dereva wa kusambaza mizigo kwa miaka mitano, halafu turudi kwenye ripoti.

Tofauti nyingine kati ya nchi hizo mbili ni mkaguzi anakula wapi. Ujerumani, shirika linalokagua si gereji inayotengeneza. Uingereza, gereji ya mtaani yenye kibali ndiyo inayokufelisha na ndiyo hiyo hiyo inayokuuzia dawa. Wengi ni waaminifu, na mamlaka inayowasimamia hufuatilia mienendo yao, lakini shaka ipo. Wenye magari ya spoti wanaojua mambo hutafuta vituo vya halmashauri, vinavyokagua magari ya wananchi bila kuyatengeneza. Mkaguzi wa pale hana faida yoyote wewe ukifeli.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, jambo hili si la kuangalia kwa mbali. Magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako ukaguzi wa lazima ni wa miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, lakini mnunuzi wa nje hana tovuti ya kusoma historia yake kwa namba ya gari tu. Wapo pia wanaoagiza kutoka Uingereza, hasa Kenya, na hao wana silaha wasiyoitumia vya kutosha. Kabla ya kutuma hata shilingi, mwombe muuzaji namba ya usajili, soma maili za kila mwaka kama zinapanda kwa mpangilio, soma kilichofelisha, soma angalizo la kutu. Akikataa kutoa namba, umeshapata jibu. Tanzania tuna stika ya Nenda kwa Usalama inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Inasema gari limekaguliwa. Lilikutwa na nini, haisemi, na natamani siku moja iseme.

Kwa Waingereza wenyewe, swali la MX-5 lina tarehe ya mwisho. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa limesamehewa MOT. MGB na Triumph Spitfire, ambazo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1980, zimeshavuka mstari huo zote. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba magari ya umri huo hutembea kidogo na wenye nayo huyatunza vizuri, ambayo ni kukiri waziwazi kwamba ukaguzi huu umekuwa ukimpima mwenye gari muda wote. MX-5 za kwanza zilizouzwa Uingereza zitafika zamu yao mwaka 2030. Mwenye nalo atatia saini mwenyewe kwamba gari halijabadilishwa, na kuanzia hapo hakuna atakayelazimika kupita chini ya vizingiti vile na kurunzi. Sheria inaruhusu kulipeleka kwa hiari. Yule mstaafu nadhani atalipeleka, kwa sababu hakuwahi kungoja MOT ndipo atazame chini.